Kuimba opera, Bongo Fleva na muziki mpya kwa koo moja

Mwimbaji wa Dar aliyekulia kwenye kwaya tayari ana nusu ya vifaa. Anasoma solfa, anashika sauti yake hata nyingine tatu zikimzunguka, na amezoea kuimba kwa maiki kwenye send-off Jumamosi na bila maiki kanisani Jumapili. Kinachomkwamisha ni kudhani kila mtindo unataka koo jipya. Koo ni lilelile. Kinachobadilika ni nani anaibeba sauti. Kwenye opera inabebwa na mwili wako na kuta za ukumbi. Kwenye Bongo Fleva inabebwa na maiki. Kwenye muziki mpya, yaani wa watunzi walioachana na ki za kawaida (ki ni ile nota ya nyumbani ambayo wimbo unaiegemea) tangu mwanzoni mwa karne ya 20, bosi ni karatasi ya nota.

Kupasha koo

Dakika 15, kabla ya mtindo wowote. Chukua chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa nusu na mrija wa soda. Zamisha ncha ya mrija kama sentimita 3, puliza huku ukitoa sauti ya "uu", panda na kushuka kama king'ora kwa dakika 3. Mapovu yatoke sawasawa. Yakikatika, ujue pumzi nayo imekatika. Mrija unarudisha shinikizo kidogo kooni, na hilo husaidia nyuzi za sauti kukutana bila kugongana kwa nguvu. Ukitumbukiza mrija hadi chini kabisa utakuwa unasukuma tu.

Kisha njoo kwenye ng' ya ng'ombe. Wanafunzi wa Ulaya huhangaika kuianzisha sauti hii, wewe umezaliwa nayo. Imba d r m f s f m r d kwa ng', halafu rudia ukifungua: ng'aa. Kosa la kawaida ni ulimi kubaki nyuma, na "a" ikatoka kama ya mtu mwenye tonge mdomoni. Gusisha ncha ya ulimi kwenye meno ya chini, kidevu kisitangulie mbele.

Malizia kwa pumzi. Vuta kimya kwa hesabu 4, toa "sss" kwa sekunde 20, ukizoea fika 30. Weka viganja ubavuni: mbavu zisianguke mapema. Mabega yakipanda, umejaza hewa juu tu.

Opera: usipige kelele

Nguvu kubwa ya okestra iko karibu na Hz 500 (mitetemo 500 kwa sekunde), na juu ya hapo inapungua. Mwimbaji wa opera hujenga mng'ao wa sauti karibu na Hz 3,000, mahali ambapo okestra ni nyepesi. Mtafiti wa sauti Johan Sundberg wa Sweden ndiye aliyeeleza jambo hili vizuri katika miaka ya 1970. Ndiyo maana mtu mmoja husikika bila maiki mbele ya vyombo 60. Jipime hivi: weka simu mita 10 mbali, imba mstari mmoja kwa nguvu, kisha uleule kwa nguvu ya wastani lakini ukitafuta ule mlio wa kengele uliokuja kwenye ng'. Mara nyingi rekodi ya pili ndiyo inayosikika wazi zaidi.

Waimbaji wengi wa sauti ya tena, ile ya juu ya kiume, hukwama kati ya D na G zilizo juu ya C ya katikati ya kinanda. Hapo usibebe sauti ya kifua kwenda juu kwa ubishi. Iache "a" isogee kidogo kuelekea "o", sauti ivuke. Soprano wana shida nyingine. Irabu "i" inahitaji mwangwi wa karibu Hz 300, lakini C ya juu yenyewe ni takriban Hz 1,047. Irabu hiyo haiwezi kusikika vizuri pale, hata kwa nyota wa dunia, kwa hiyo fungua mdomo na usijilaumu.

Kwenye lugha, Kiswahili kinakubeba. Irabu zetu tano ni safi na hazitelezi, na mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho unafanana na maneno mengi ya Kiitaliano. Mitego ni miwili. Wa kwanza ni konsonanti mbili: "note" ni nota, "notte" ni usiku, na tofauti yake ni kule kushikilia t kidogo kabla ya kuiachia. Wa pili ni irabu tunayoipachika mwishoni bila kujua. "Ben" inakuwa "beni", na kwenye Kijerumani "Nacht" inakuwa "nahti". Sema neno ukiwa umeweka kiganja mbele ya mdomo, kisha likate bila kuongeza silabi. Nota za nyimbo za zamani zipo bure kwenye tovuti ya IMSLP, na ukitaka cheti, mitihani ya ABRSM, bodi ya muziki ya Uingereza, ina daraja 1 hadi 8. Kumbuka tu kwamba kabla ya daraja la 6 unatakiwa uwe umefaulu nadharia ya daraja la 5 au mtihani mbadala wanaoukubali.

Bongo Fleva: maiki ndiyo chombo

Aliyetoka opera hukosea hapa kwa kuimbia ukumbi wakati spika zinafanya kazi hiyo. Imba karibu na sauti ya mazungumzo, ubeti uwe chini, vibrato, yaani mtetemo wa sauti, iachwe hadi mwisho wa nota ndefu au isiwepo kabisa. Kwenye ubeti shika maiki sentimita 3 hadi 5 kutoka mdomoni. Ukaribu huo unanenepesha besi ya sauti. Kwenye nota kubwa ya kiitikio irudishe hadi sentimita 15 au 20. Kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti hupungua takriban desibeli 6, na huo ni udhibiti wako mwenyewe kabla hata fundi mitambo hajagusa kitu.

Usifumbate kichwa cha maiki kwa kiganja, hata kama video zote zinaonyesha hivyo. Matundu ya nyuma ndiyo yanayoifanya ikatae sauti ya monita, ile spika ya jukwaani inayokuelekea. Ukiyaziba, inapiga mluzi na lawama anapewa fundi. Kwa "p" na "b" zinazopasuka, elekeza maiki pembeni kidogo ya mdomo. Studio, ukitaka kuweka kipande cha opera juu ya biti, rudi nyuma mita moja na umwombe prodyuza ashushe geini (nguvu ya sauti inayoingia), la sivyo rekodi itakwaruza.

Ki ichaguliwe na koo, si na biti. Mwanamke mwenye sauti ya kwanza au ya pili ajaribu kuweka nota ndefu ya juu kabisa ya kiitikio kati ya A na C zilizo juu ya C ya katikati. Prodyuza akisema haibadiliki, anamaanisha hataki.

Muziki mpya: solfa inapoishiwa nguvu

Hapa ndipo waimbaji wetu wazuri huangukia. Solfa yetu inahitaji "d" ya kuegemea, na muziki huu mara nyingi hauna "d". Hamia kwenye nota za mistari mitano na uhesabu nusu toni: C hadi E ni 4, C hadi F kali (F#) ni 6, C hadi B ni 11. Chukua nota moja kwenye kinanda, imba umbali uliouchagua bila msaada, ndipo ubonyeze kuhakiki. Kubonyeza kwanza kunafundisha kuiga tu. Dakika 10 kila siku, umbali mmoja kwa wiki. Kisha kwenye karatasi zungushia kwa penseli chombo kinachopiga nota yako kabla hujaingia. Filimbi ikikupa G kali mapigo mawili nyuma, hiyo ndiyo "d" yako ya muda.

Mdundo una njia rahisi. Kwa mapigo 5 sema "mama kitabu". Kwa 7, "mama mama kitabu". Silabi zote urefu sawa, bila kuvuta ile ya mkazo. Sema kwanza, piga makofi, imba mwisho.

Ukiona alama ya x kwenye mkia wa nota, kama alivyoandika mtunzi Schoenberg wa Austria mwaka 1912, gusa nota hiyo kisha iache mara moja kwa kupanda au kushuka. Ukiishikilia umeimba, ukiikosa umeongea.

Mfano wa kufuata ni mwimbaji Cathy Berberian (1925–1983), aliyeimba kazi za Monteverdi, mtunzi wa opera za mwanzo, na pia akarekodi nyimbo za Beatles mwaka 1967. Mtunzi John Cage alimwandikia kazi ya kurasa 20 mwaka 1958, mistari yake ya rangi ikionyesha mitindo 10 ya kuimba, na mwimbaji huchagua sauti ya kila rangi. Andika rangi zako: konda anayeita "Posta! Posta!", taarabu, besi ya kwaya, mtoto anayedeka, mnong'ono. Ukizipata 10 unazoweza kuzibadilisha papo hapo, una mtaji. Milio ya kupiga yowe na ya kuvuta hewa ndani iweke mwisho wa mazoezi, isizidi dakika 10, kwa sababu inakausha na kuchosha haraka.

Ratiba na riziki

Usiweke kiitikio cha nguvu na aria (wimbo wa opera wa mtu mmoja) siku moja. Shoo ikiwa Jumamosi usiku, Jumapili iwe kimya iwezekanavyo, Jumatatu mrija tu. Maji hayagusi nyuzi za sauti, yanapita njia nyingine, hivyo kunywa saa kadhaa kabla, si jukwaani. Chipsi mayai za saa sita usiku kisha kulala huleta asidi kooni. Pitisha muda wa saa 3 kati ya kula na kulala. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, nenda kwa daktari wa pua, masikio na koo.

Jisajili BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), kazi zako zisajili COSOTA (Ofisi ya Hakimiliki), na harusini chukua nusu ya malipo kabla. Rekodi tatu za kujitangaza zisichanganywe kwenye faili moja: ya opera iwe video ya mfululizo mmoja, na piano, bila mwangwi wa kuongezwa, na jina la faili lianze na aina ya sauti yako.