Baiskeli ya umeme: ulizia breki kabla ya betri

Mnaotaka kununua baiskeli ya umeme, kabla ya kuuliza betri inafika wapi, ulizeni inasimama vipi. Nyingi zina kilo 20 hadi 25, na mwendo ukipanda kutoka kilomita 15 kwa saa hadi 30, kazi ya breki huwa mara nne.

Breki za rimu, zile raba mbili zinazobana gurudumu pembeni, fundi yeyote wa mtaani anaziweza. Lakini masika, ukipita Jangwani, Dar es Salaam, rimu imelowa, ukibana inateleza kwanza ndipo ishike. Mchanga nao unanasa kwenye raba na kuila rimu taratibu. Breki ya diski ni tofauti: pedi zake zinabana sahani ya chuma, yaani diski, inayokaa juu, karibu na ekseli, mbali na madimbwi.

Mimi nachagua diski ya waya, ile inayovutwa kwa waya. Ya mafuta, inayosukumwa na mafuta ndani ya mpira, inashika vizuri zaidi, ila lazima umpate fundi anayejua kutoa hewa kwenye mfumo. Ukipaka mnyororo oili, funika diski kwa kitambaa. Tone moja tu likigusa pedi, breki inalegea.

Una breki za rimu tayari? Kwenye mvua bana kidogo mapema, maji yafutike kabla hujafika kwenye mataa.