ROA kwanza, tangazo baadaye
Kwa mafundi wa mitandao wa Dar es Salaam wanaobadilishana trafiki kupitia TIX (kituo cha Tanzania cha kubadilishana trafiki ya intaneti): kabla ya kutangaza kipande kipya cha anwani kwenye BGP (itifaki ambayo mitandao huitumia kuelezana njia za kufikia anwani), sajilini ROA yake (hati yenye saini ya kidijitali inayosema ni mtandao upi unaoruhusiwa kutangaza anwani hizo) katika akaunti yenu ya AFRINIC (msajili wa anwani za intaneti Afrika) na msubiri ienee, kwa sababu ruta zinazokagua uhalali hulitupa tangazo linalopingana na ROA iliyopo. Kosa baya zaidi, ambalo wengi hulifanya kwa mazoea tu, ni la urefu wa juu, yaani kipande kidogo kabisa ambacho ROA inaruhusu kitangazwe: mkitangaza /22 pekee huku mmeruhusu hadi /24 (kipande kidogo zaidi ndani ya /22), tapeli anaweza kughushi ASN yenu (namba inayotambulisha mtandao wenu), akatangaza /24 na, kwa kuwa ruta hufuata kipande kidogo zaidi, trafiki ikamfuata yeye. Ruhusuni urefu mnaoutangaza kweli. Rekodi za IRR (hifadhidata za njia za intaneti) za mteja aliyehama nazo zifutwe mapema.