Pikipiki inasita ukivuta mafuta: anza na choki

Pikipiki ya zamani ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), tuseme Honda CG125, ikisita unapovuta mafuta, usikimbilie kununua kabureta mpya. Jua kwanza kama injini ina njaa ya petroli au imevimbiwa.

Ikishapata moto vizuri, iendeshe huku choki, kizuizi cha hewa kinachofanya petroli izidi, ukiwa umeivuta nusu. Kusita kukipungua, petroli haitoshi: jeti (kipande chenye kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta) imeziba au hewa inapenya pasipotakiwa. Ikizidi kukohoa na kutoa moshi mweusi, petroli imezidi: kagua chujio la hewa na boya linalodhibiti kiwango cha petroli ndani ya kabureta. Isipobadilika hata kidogo, hamia kwenye umeme.

Sasa bandika tepe kwenye mkono wa mafuta na uweke alama. Inayosita mwanzoni kabisa, chini ya thumuni ya mzunguko, inalalamikia jeti ndogo. Kati ya robo na robo tatu ni sindano ya kabureta; klipu inayoishikilia ukiishusha ngazi moja, sindano inapanda na petroli inaongezeka. Kuanzia hapo hadi mwisho ni jeti kubwa, au petroli haishuki vya kutosha kutoka kwenye tangi.

Msumbufu mkuu ni jeti ndogo, maana tundu lake ni jembamba mno na petroli iliyolala muda mrefu huacha gundi. Funga koki ya petroli, fungua skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, kinga petroli kwenye chupa ya kioo. Maji yakiwemo yatatuama chini. Toa bakuli, kisha fungua jeti kwa bisibisi inayoenea barabara, kwani shaba yake ni laini na hutafunika upesi. Loweka kwenye dawa ya kabureta, puliza upepo. Usichokoe kwa waya wa chuma: tundu likipanuka, umeshabadilisha saizi ya jeti. Uzi mmoja wa waya laini wa umeme unatosha. Itazame juani, mwanga uonekane duara kamili.

Skrubu ya kurekebisha mchanganyiko wa petroli na hewa, kabla ya kuitoa, ikaze taratibu hadi iguse, ukihesabu mizunguko. Irudishe kwa hesabu ileile. Usiikandamize, ncha yake huharibika.

Hewa ya wizi huingilia mpira au gasketi kati ya kabureta na silinda. Injini ikinguruma taratibu, dondoshea maji kidogo hapo. Mlio ukibadilika, umepata tundu.

Kwenye umeme, plagi ya CG125 (D8EA) inataka pengo la milimita 0.6 hadi 0.7. Kofia ya plagi iliyolegea au yenye ufa huvujisha moto; ukiitazama gizani injini ikiwaka, utaona cheche zikiruka nje. Usiiguse.

Ikiwa inasita tu baada ya mwendo kidogo, fungua kifuniko cha tangi. Ikivuta hewa kwa mlio kisha ikakaa sawa, zibua kitundu cha kupumulia kwenye kifuniko hicho.