SOMO: Namna ya kuikagua bima kubwa ya gari kabla hujalipia

Wakuu, salaam.

Kila mwaka bima ikikaribia kuisha, wengi tunauliza swali moja tu: "Kubwa shilingi ngapi?" Wakala anataja bei, tunampigia mwingine, anataja pungufu, tunalipa kwenye pungufu. Mkataba wenyewe unakaa kwenye simu bila kufunguliwa mpaka siku gari limegongwa. Kuusoma siku hiyo hakusaidii tena.

Somo hili ni la mtu wa kawaida hapa Tanzania mwenye IST, Vitz, Rumion au Noah ya familia. Nimefanya kazi upande wa madai, na jambo moja naomba ulishike: viwango vya kampuni vinakaribiana, kwa hiyo bei ikiwa chini sana ujue kuna kitu kimepunguzwa. Kitafute kabla hujatoa hela.

Hatua ya 1: Ijue hesabu ya bei

Bima ndogo kwa gari binafsi ni 118,000 pamoja na VAT. Hiyo ndiyo sheria inayoidai barabarani. Inamlipa uliyemgonga, gari lako halimo. Juu yake ipo inayoongeza moto na wizi. Kubwa inabeba yote hayo pamoja na uharibifu wa gari lako mwenyewe, hata kama kosa ni lako.

Bei ya kubwa ni asilimia ya thamani ya gari. Kwa gari binafsi kiwango kilichozoeleka ni asilimia 3.5, kisha VAT ya asilimia 18. Gari la milioni 15 linakuja hivi: 525,000, ongeza VAT 94,500, jumla 619,500.

Sasa wakala mwingine anakwambia 413,000 kwa gari hilohilo. Usishangilie kwanza. Toa VAT, inabaki 350,000. Na 350,000 ni asilimia 3.5 ya milioni 10. Hajakupunguzia bei, ameishusha thamani ya gari lako. Sio mara zote anafanya kwa nia mbaya. Mara nyingi mteja mwenyewe ndiye anayesema "andika kumi tu ishuke".

Hatua ya 2: Thamani ya gari

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Ndani ya mkataba tafuta kifungu cha wastani. Kinasema kwamba ukilikatia gari bima chini ya thamani yake halisi, kampuni italipa kwa uwiano huohuo. Chukua lile gari la milioni 15 lililoandikwa milioni 10. Umepiga mzinga, bampa, taa mbili, boneti na rejeta vimekwenda, gereji wanasema milioni 3. Kampuni inachukua 10 kwa 15 ya milioni 3, inapata milioni 2. Hapo inakata kiasi unachochangia wewe, tuseme asilimia 10, yaani 200,000. Unalipiwa 1,800,000 na mfukoni mwako inatoka 1,200,000.

Ungeandika milioni 15, ungechangia 300,000 tu. Uliokoa 206,500 kwenye bei, umepoteza 900,000 kwenye ajali moja, tena ajali ambayo gari bado linatengenezeka.

Kupandisha nako hakufai. Gari likiibwa au likiharibika kabisa, kampuni inaangalia bei ya soko ya siku ile ya tukio. Ukiandika milioni 20 kwa gari la 15, utalipa bei ya 20 kila mwaka na mwisho utapewa ya 15. Kwa hiyo kabla ya kuhuisha, tembelea yadi mbili tatu au angalia matangazo ya magari ya aina yako, mwaka wako na hali yako. Kama gari ni la bei kubwa kidogo, omba lithaminiwe na mthamini anayetambuliwa na kampuni, na ripoti yake iambatanishwe kwenye mkataba. Thamani ya mwaka jana usiihamishe ilivyo. Mawakala wengi wanabofya kuhuisha na namba ya zamani inabaki palepale.

Umeweka mziki, rimu za bei au mfumo wa gesi? Vitaje kwa maandishi pamoja na bei zake. Usipovitaja, havimo.

Hatua ya 3: Ekses

Ekses ni kile kiasi unachochangia wewe kwenye kila dai. Wengi wanaijua kama asilimia, wanasahau kwamba ina kiwango cha chini. Ikiandikwa "asilimia 10 ya dai, isiyopungua 300,000", maana yake dai la 400,000 litakuletea 100,000 tu. Huo mlango uliokwaruzwa na bajaji hauna haja ya kuufungulia faili. Na ukifungua, unaweza kupoteza punguzo la mwakani la mtu ambaye hakudai.

Uliza ekses zote, si moja. Huwa ipo ya ajali ya kawaida, ipo ya wizi ambayo huwa kubwa zaidi na hupungua gari likiwa na kifaa cha kufuatilia, na mikataba mingine ina nyongeza kwa dereva kijana au mwenye leseni mpya. Kama mtoto wako wa chuo anaendesha gari wikendi, mstari huo unakuhusu moja kwa moja.

Hatua ya 4: Ukurasa wa namba

Kila mkataba una ukurasa wenye taarifa za gari lako na mipaka ya malipo, mawakala wanauita shedyuli. Ukipewa stika na risiti tu, haujapewa mkataba. Uombe.

Ukiupata, anza na mpaka wa mali ya mtu wa tatu. Watu wanaruka hapo kwa sababu akili iko kwenye gari lao. Lakini ukimgonga mtu mwenye V8 mpya na mpaka wako ni mdogo, kinachozidi ni deni lako binafsi. Kuongeza mpaka huo mara nyingi kunagharimu kidogo ukilinganisha na faida yake.

Halafu pitia kioo cha mbele, gharama za kuvuta gari, na vifaa vinavyoibwa mjini: vioo vya pembeni, taa, swichi za madirisha, redio. Gari likiharibikia Mikumi, gharama ya kulivuta mpaka Dar es Salaam inaweza kuuzidi mpaka ulioandikwa mara kadhaa. Kwa anayesafiri mara kwa mara, mstari huu ni muhimu kuliko wa redio.

Hatua ya 5: Yasiyolipwa

Soma sehemu hii taratibu kuliko zote. Kampuni inaweza kukataa dai kama dereva hakuwa na leseni halali ya daraja la gari hilo, kama alikuwa amelewa, kama gari lilikatiwa bima ya matumizi binafsi lakini lilikuwa linabeba abiria au mizigo ya kulipiwa, au kama ulificha jambo wakati wa kujaza fomu. Uchakavu, injini kufa yenyewe na tairi kupasuka bila ajali havimo.

Leseni naomba uiangalie sasa hivi, yako na ya yeyote unayempa ufunguo. Kuna madai mazuri kabisa, ya watu waliolipa kila mwaka bila kuchelewa, yanayokwama kwa leseni iliyoisha wiki mbili kabla ya ajali. Inauma kumweleza mtu jambo hilo.

Hatua ya 6: Nani anatengeneza, kwa spea gani

Uliza kama unachagua gereji au unapelekwa kwenye zile za kampuni. Uliza pia kama kuna makato ya uchakavu: gari lako la 2008 likifungwa spea mpya, kampuni nyingine zinakata sehemu ya bei kwa hoja kwamba umepata kipya badala ya cha zamani. Jibu la mdomo halitoshi. Mwambie wakala akuandikie barua pepe au hata ujumbe wa WhatsApp, uutunze.

Hatua ya 7: Kulipa na kuhakiki

Lipa kwenye akaunti ya kampuni au kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo, sio kwenye simu ya mtu. Kisha ingia kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), weka namba ya gari, uone kampuni, aina ya bima na tarehe. Kama umelipia kubwa na mfumo unaonyesha ndogo, simamisha kila kitu mpaka irekebishwe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, gari langu ni la 2002, thamani kama milioni 6. Nikate kubwa kweli?

Kwa hesabu ya asilimia ni 210,000 na VAT 37,800, jumla 247,800. Ila uliza kwanza, kwa sababu kampuni huweka bei ya chini kabisa ya bima kubwa, na nyingine hazipokei magari yaliyozidi umri fulani. Kama ekses ya chini ni 500,000 na kuna makato ya uchakavu, kwa maoni yangu chukua ndogo iliyoongezwa moto na wizi, na tofauti uiweke akiba. Kama gari hilo ndilo linalokupeleka kazini na huna uwezo wa kununua jingine, kubwa bado ina maana.

Nafanya Bolt jioni tu baada ya kazi. Bima yangu ni ya gari binafsi. Kuna shida?

Ipo, kaka, na ni kubwa. Ukipata ajali ukiwa na abiria wa kulipia, kampuni ina sababu ya kukataa dai la gari lako. "Jioni tu" haibadilishi aina ya matumizi. Waambie wakubadilishie iwe ya kibiashara, utalipa zaidi lakini utakuwa umefunikwa kweli.

Nimegongwa nyuma, jamaa akaniomba tumalizane palepale, akanipa 150,000. Gereji wanasema 900,000. Naweza kudai bima yangu?

Itakuwa ngumu, dada. Hakuna ripoti ya polisi, na ukipokea hela ya kumalizana unaweza kuwa umeifunga haki ya kampuni ya kumdai aliyekugonga. Toa taarifa kwa kampuni leo hii na useme ukweli wote, waamue wao. Kwa wengine: piga picha magari yakiwa palepale, namba za gari la mwenzako, chukua taarifa za bima yake, ita trafiki, mjulishe bima siku hiyohiyo. Usikubali kosa wala usiahidi malipo kwa niaba ya kampuni. Kukiwa na majeruhi, chukueni pia PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi.

Disemba naenda Mombasa kwa gari. Kubwa yangu inafanya kazi Kenya?

Usiichukulie hivyo. Unahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, Tanzania imo kwenye mpango huo ingawa ilijitoa COMESA yenyewe mwaka 2000. Kadi hiyo inabeba madhara utakayomsababishia mtu mwingine ukiwa huko. Uharibifu wa gari lako ni jambo jingine, unahitaji kampuni ikuongezee eneo la kijiografia kwa maandishi kwa zile siku za safari. Omba vyote viwili mapema, usisubiri ufike mpakani Horohoro.

Nimenunua gari lina kubwa ya miezi saba mbele, kwa jina la mwenye gari wa zamani. Niendelee nayo?

Bima ni mkataba kati ya kampuni na yule aliyekuuzia. Gari likiibwa kesho, wewe huna mkataba na yeye hana gari. Nendeni pamoja kwenye kampuni, kampuni ikikubali ihamishe kwa jina lako, au yeye aidai salio lake na wewe ukate yako. Usajili wa gari nao ubadilishe, usiache kadi ya jina la mtu.

Mvua za masika Jangwani pale maji yakijaa, nikipita gari likazima, bima inalipa?

Kwanza hakikisha mafuriko yamo kwenye mkataba wako. Yakiwamo, gari lililofikwa na maji likiwa limeegeshwa ni dai la kueleweka. Gari ulilolipeleka mwenyewe kwenye maji, injini ikavuta maji, ni ubishi. Kampuni itasema uliona na ukaingia. Ukikwama, usiwashe tena. Kuwasha mara ya pili ndiko kunakopindisha vyuma ndani ya injini, na fundi akiifungua ataona. Lisukumeni mpaka pakavu, piga picha, piga simu.

Nimepeleka nyaraka zote, kampuni inanizungusha. Niende wapi?

Andika barua, usiende kwa mdomo. Taja namba ya dai, tarehe uliyowasilisha kila karatasi, na uombe jibu la maandishi lenye sababu na kifungu cha mkataba. Nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa. Wakiendelea kukaa kimya au ukiona sababu haina mashiko, peleka TIRA, wana ofisi za kanda, au Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Beba mkataba, risiti, ripoti ya polisi, makadirio ya gereji na hiyo barua yenye muhuri.