SOMO: Kontenti ya kukuletea riziki hapa Lamu (soma kabla ya kuja inboksi)

Jamani nimechoka. Kila nikiposti klipu ya mkate wa mofa (ule wa tanuri la udongo) inboksi inajaa "dada nianzie wapi", "inalipa ngapi". Naandika leo, atakayeuliza tena namtumia hii basi. Mimi ni mpishi hapa Langoni, nafunza wageni kupika na nauza bizari, na wateja wangu wengi wanatokana na video.

1. Amua unauza nini kabla hujashika simu. "Nataka kujulikana" si jibu. Nahodha anataka abiria wa mashua, fundi wa milango anataka oda, mama wa Matondoni asukaye mikeka anataka wanunuzi. Ukimaliza klipu jiulize, yule nimtakaye akishaitazama atajua afanye nini? Kama hajui hiyo ni burudani, haina ubaya, ila usiitegemee kwa kodi ya nyumba.

2. Simu uliyonayo inatosha. Futa lenzi.

3. Onyesha unachokijua ndani nje. Mji uko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, picha za milango na machweo zimejaa tele mtandaoni. Mimi klipu iliyoniletea watu ni ya mkono tu ukipachika unga kwenye ukuta wa mofa, nikaeleza kwamba maji yakizidi mkate haushiki, unateleza unaangukia makaani. Watu wakauliza darasa ni lini.

4. Fungua WhatsApp Business, ni bure, weka bei, hifadhi jina na namba ya kila mteja. Akaunti yako ya video ikifungwa kesho, wateja hao bado unao.

5. Matangazo ya YouTube, hapa soma polepole. Kugawiwa pesa za matangazo unahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Halafu AdSense, akaunti ya Google inayokulipa hizo pesa: zikifika dola 10 wanakutumia PIN (namba ya kuhakikisha anwani yako) kwa barua, barua ya karatasi! Mimi niliandika mtaa na nyumba iko nyuma ya msikiti gani, nikangoja weee. Nani atakuletea barua uchochoroni? Andika S.L.P. na 80500, namba ya posta ya Lamu, kama huna sanduku omba la jamaa unayemwamini. Jina liwe kama la kitambulisho, si la kisanii. Ukikaa miezi 4 bila kuiweka hiyo PIN matangazo yanasimama. Barua ikipotea omba nyingine, zikigoma zote kuna njia ya kutuma picha ya kitambulisho. Na hawakulipi mpaka pesa zifike dola 100, kwa hivyo rudi namba 1.

6. Fomu ya kodi ya Marekani iliyo humo AdSense jaza, usiiruke. Pato lako litokalo kwa watazamaji wa kule linakatwa asilimia 30, la watazamaji wa hapa halihusiki.

MASWALI

Kijana wa Mkomani: inalipa ngapi kwa mwezi?
— Namba 1.

Kijana wa Mkomani: nimesoma sijaona bei
— Hujaniambia unauza nini, nitajuaje utapata ngapi?

Mzee wa Klipu: mimi narekodi tu kina mama wakipita na mabuibui yao, inatrendi sana
— Umewaomba? Kama hukuwaomba futa. Kuna sheria ya kulinda data ya 2019, na kabla ya sheria kuna adabu. Usiniambie "lakini ni barabarani", ni mlangoni kwa watu pale.

Achari Malindi: Dada shikamoo. Natengeneza achari ya embe, wageni wakiondoka mvua za Aprili nakaa bure. Nifanyeje?
— Marahaba mwanangu, swali zuri. Usiwafuate wageni wa ndege peke yao, kuna watu wa pwani wako Nairobi wanaikosa achari ya kwao. Embe zikiwa nyingi rekodi mpaka uchoke, kumenya, kuanika, kuchanganya pilipili, kila kitu kiwe klipu yake, uzitoe kidogo kidogo mvua ikinyesha. Nyinyi mna raha, mzigo unapanda basi hapo hapo, sisi kwanza boti mpaka Mokowe, ng'ambo kwenye mabasi. Funga kifuniko kwa nailoni kabla ya kukaza, mafuta yakivuja kwenye mzigo wa mwenzio utajua hujui. Video ya kwanza nitumie niione.

Achari Malindi: Ahsante sana! Na upepo? Sauti yangu haisikiki kabisa
— Kusi hiyo. Kata kipande cha sponji ya godoro ufunike maiki, simama nyuma ya ukuta, uso uelekee ukutani. Au rekodi sauti ndani baadaye uipachike.

Kijana wa Mkomani: na punda wakilia?
— Ngoja amalize. Halafu, unauza nini wewe?

Kijana wa Mkomani: nashona kofia
— Sasa si ungesema! Rekodi vitobo vinavyotobolewa, karibu kabisa, na bei uiandike.