Petroli ikimwagika kazini: ninavyowafundisha wahudumu wa usafi

Wiki hii nimemaliza kuwafundisha wahudumu wapya wanne wa jengo la ofisi ninalosimamia hapa Dar es Salaam. Mazoezi tunafanya kwa maji yaliyotiwa rangi, kamwe si petroli halisi.

1. Wajue kinachowaka

Wapeleke stoo wakasome lebo: petroli ya jenereta, thina ya mafundi rangi, spiriti, hata vitakasa mikono. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, seuze joto letu. Dizeli na mafuta ya taa haviwaki upesi hivyo, lakini wafundishe kuvitendea vilevile, maana gizani hakuna anayesoma lebo.

2. Watu watoke, swichi ziachwe

Taa inayowaka iachwe iwake, iliyozimwa isiwashwe, feni isiguswe. Kuzima nako hutoa cheche. Simu zibaki mbali. Fungua milango na madirisha.

Kila mara kuna anayeuliza kama anaweza kuchota petroli iliyobaki. Namkumbusha Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019: lori la mafuta lilianguka, watu wakaenda kuchota, likalipuka. Walikufa zaidi ya 100.

3. Usimwage maji

Hapa natumia nusu ya muda wote. Mikono ya mhudumu wa usafi imezoea kwamba kila kilichomwagika dawa yake ni maji, sabuni na dekio. Miaka kadhaa nyuma, mahali nilipokuwa nikifanya kazi, dumu la petroli lilipinduka kwenye chumba cha jenereta. Dada mmoja mwenye bidii sana alimwaga ndoo mbili za maji ya sabuni, akasukumia kwenye karo. Baada ya muda mfupi harufu ikatokea chooni, upande wa pili wa korido. Tulikaa nje kwa muda wa saa nne. Kosa halikuwa lake, hakuna aliyemfundisha.

Petroli huelea juu ya maji, kwa hiyo ukiisukuma umeipa njia tu. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa: unatambaa chini, unaingia mtaroni, unakwenda kukutana na jiko la mama lishe usiyemwona. Sabuni haiondoi hatari hiyo. Jiki isiguse kabisa spiriti wala thina, zikichanganyika hutoa sumu. Mashine ya kunyonya vumbi nayo ina mota yenye cheche. Na kama maji yameshamwagwa? Usiongeze. Ziba mdomo wa karo kwa mchanga, fuata mkondo uone chemba inayofuata iko wapi, watoe watu wa huko pia, kisha piga zimamoto 114.

4. Mchanga

Mkavu. Anza pembeni uzungushe kama ukuta, ndipo ujaze katikati. Wengine hupenda maranda ya mbao kwa kuwa ni mepesi. Mimi siyataki, yenyewe ni kuni. Zoa kwa beleshi la plastiki, si la chuma, ukiwa na glovu za naitrili (mpira unaostahimili mafuta) na nguo za pamba. Nguo zikilowa petroli, mtu atoke nje, azimwagie maji kwanza, ndipo azivue, maana kuvua nguo kavu kunaweza kutoa cheche.

Mpaka wetu ni lita tano. Ikizidi hapo, hakuna kuzoa: toka, piga 114.

5. Ndoo ya bati yenye mfuniko

Mchanga na matambara vyote viingie humo, ndoo ikae nje kivulini hadi wachukuaji wa taka hatarishi waje.

6. Rudia

Zoezi la kwanza, watatu kati ya wanne walikimbilia dekio. La tatu, hakuna aliyeligusa. Sasa kila Jumatatu mmoja wao hutia mkono ndani ya ndoo ya mchanga hadi chini kabisa, kwa sababu stoo yetu huvuja wakati wa masika.