Jaza ritani hata kama hudaiwi senti: kwa ndugu zangu wa Unguja na Pemba mlioko Uingereza

Mwaka 2021 nilisambaza vyakula kwa baiskeli hapa Leicester kwa miezi mitano. Nilijisajili kuwa nimejiajiri, nikapewa namba ya mlipa kodi yenye tarakimu 10. Baadaye nikapata kazi ya nusu siku kwenye nyumba ya kulelea wazee, baiskeli nikaiuza. Kodi ya mshahara anaikata mwajiri kabla haujanifikia, nami nikaona shughuli imekwisha. Machi 2024 nikakuta nimeandikiwa deni la pauni 1,700. Ndani yake hamkuwa na kodi hata pauni moja. Zote faini.

Mwaka ule wa kodi, Aprili 2021 hadi Aprili 2022, baiskeli na mshahara kwa pamoja havikufika pauni 12,570, na chini ya hapo mtu hatozwi kodi ya mapato. Kwa hivyo sikuwa nadaiwa. Lakini ritani, yaani fomu ya kueleza mapato yako ya mwaka, nilitakiwa niipeleke, maana kipato cha kujiajiri kikipita pauni 1,000 kwa mwaka ni lazima ujaze, uwe unadaiwa au hudaiwi. Hapo ndipo niliponaswa. Nilidhani asiyedaiwa hana la kujibu.

Nyumbani mambo haya tumeyazoea vingine. Ukiwa na duka Wete au Darajani, TRA wanakufanyia makadirio, unalipa kwa awamu nne, na siku ukifunga mlango mtaa mzima unajua umefunga. Huku hakuna anayeona. Ukiacha biashara bila kuwaandikia HMRC, mamlaka ya kodi ya huku, kwao bado unafanya biashara, na kila mwaka wanaisubiri ritani yako.

Tazameni faini inavyopanda. Mwisho wa kuipeleka ritani yangu ile kwa mtandao ulikuwa 31 Januari 2023. Siku ya pili yake, pauni 100. Baada ya miezi mitatu ikaanza pauni 10 kila siku, kwa siku 90: pauni 900. Miezi sita, pauni 300. Mwaka mzima, pauni 300 nyengine. Hizo ni 1,600. Na kwa kuwa sikuwahi kuwaambia kwamba nimeacha, ritani ya mwaka uliofuata nayo ikahesabiwa imechelewa: 100 tena.

Barua zote zilikuja, tena kwa wakati. Zilikwenda nyumba niliyofikia mwanzo, kwa binamu yangu, kwa sababu nilihama na anwani sikubadilisha. Yeye alizipanga juu ya friji akiningoja nipite Idi. Bahasha ya serikali kwake ni kitu cha kuogopwa, na cha mwenzio hakifunguliwi. Ni adabu njema, lakini binamu, na nyote mnaopokea barua za ndugu zenu: ipigeni picha bahasha siku ileile, mtume kwa WhatsApp. Msingoje Idi.

Nilikata rufaa. Kwanza ilibidi niipeleke ile ritani, kisha ndiyo nieleze udhuru wangu. Ukakataliwa. Kutopata ukumbusho si udhuru. Kumtegemea mtu mwengine, kwa kawaida, si udhuru. Kufiwa na mtu wa karibu siku za mwisho, kulazwa hospitali ghafla, nyumba kuungua, hayo husikilizwa. Rufaa yenyewe hutakiwa ndani ya siku 30 tangu tarehe ya barua ya faini, na mimi nilikuwa nimechelewa hata hapo. Ule mwaka wa pili ndio ulionusurika: sikuwa na biashara tena, nikaomba waliondoe takwa la kujaza, wakaliondoa na faini yake ikafutwa. Hizo 1,600 nimezilipa kidogo kidogo kwa makubaliano nao.

Basi ukiacha kujiajiri, waandikie. Ukihama, waandikie. Ukiletewa barua inayokutaka ujaze, jaza, hata kama ni sifuri. Nayarudia kwa sababu mwezi uliopita tu kijana wa Chake Chake kaniambia, "Mimi sipati kitu, watanidai nini?" Nami nilikuwa nikisema hivyohivyo.

Mengine ni mepesi. Mwaka wa kodi huanza 6 Aprili na kwisha 5 Aprili. Kujisajili kuwa umejiajiri mwisho ni 5 Oktoba baada ya mwaka huo kwisha. Tunza P60, hati ya mwajiri ya mshahara na kodi yako ya mwaka, na P45, anayokupa ukiacha kazi. Kwenye hati ya mshahara aghlabu utaona msimbo wa kodi 1257L. Ukiona kitu chengine, uliza. Sadaka kwa msikiti uliosajiliwa, jaza fomu ya Gift Aid: kila pauni moja msikiti huongezewa peni 25, mradi wewe umelipa kodi ya kutosha. Ujumbe wa simu usemao unarejeshewa kodi, bonyeza hapa, ufute.

Mwenye nyumba ya kupangisha Tomondo au Mkoani, hiyo nayo ni mapato. Mkaazi wa Uingereza kwa kawaida hutozwa kwa kipato cha popote duniani, kwa hivyo weka stakabadhi za kodi ya mapato uliyoilipa serikali ya nyumbani; huweza kupunguza ya huku. Ami yangu hunambia kila simu, "Waambie wewe si raia, wasikukate." Ami, hawatazami pasipoti, wanatazama unaishi wapi. Na pesa ninazomtumia mama hazinipunguzii kodi, ingawa kwangu mimi ndiyo haki ya kwanza.

Watu wa nchi hii si wakali kama tunavyosimuliana. Niliyezungumza naye kwa simu alinisikiliza nusu saa bila kupandisha sauti. Ila si kawaida yao kumfuata mtu mlangoni, wala hakuna sheha wa kukuuliza mbona huonekani. Wakishakuandikia barua, wao wamekwisha kukwambia. Mimi nauona ni upweke mkubwa kuishi hivi, lakini barua zangu sasa nazifungua nikiwa bado nimesimama mlangoni.